Kutoka KIA hadi Amsterdam: Umbali Ule Ule, Saa Tofauti

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ambao wakazi wa Moshi na Arusha huuita KIA, ulifunguliwa mwaka 1971 katika tambarare za Wilaya ya Hai, na njia yake ya kurukia, yenye urefu wa mita 3,600 hivi, huziwezesha ndege kubwa za masafa marefu kutua karibu kabisa na mlima. Miongoni mwa safari hizo ndefu ni ile inayouunganisha uwanja huo na Amsterdam, Uholanzi, ambayo inadhihirisha kwamba umbali na muda wa safari havipimwi kwa kigezo kimoja.

Umbali hupimwa kwa kufuata duara kuu, yaani mstari unaoizunguka dunia na kuigawa nusu mbili zilizo sawa, kwa kuwa kipande cha mstari huo ndicho njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili juu ya uso wa tufe. KIA na Amsterdam zimetenganishwa na pembe ya nyuzi 62 hivi kutoka kitovu cha dunia. Na kwa kuwa mzingo mzima wa nyuzi 360 una kilomita zipatazo 40,000, umbali huo ni takribani kilomita 6,900.

Ndege iendayo kilomita 900 kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa saa 7 na dakika 40, lakini kwa kawaida safari huzidi saa 8, kwa sababu muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, pamoja na kupaa na kushuka polepole. Aidha, mstari ulionyooka hupita juu ya Sudan, ambayo anga yake ilifungwa vita vilipozuka Aprili 2023, hivyo marubani walilazimika kuzunguka. Pepo za juu za Ulaya nazo, zivumazo kuelekea mashariki, huipa nafuu ndege ijayo Kilimanjaro na kuichelewesha ile iendayo Amsterdam.

Msomaji wa tiketi anapaswa kukumbuka pia kwamba saa zinazoandikwa ni za mahali husika. Ndege ikiondoka Amsterdam saa 4:00 asubuhi wakati wa baridi, Moshi huwa ni saa 6:00 mchana. Ikitua KIA saa 2:30 usiku, tiketi itaonekana kudai saa 10 na nusu, ilhali abiria amesafiri saa 8 na nusu tu. Wakati wa kiangazi cha Ulaya, tofauti hiyo ya saa 2 hupungua na kuwa saa 1.

Kwa mkazi wa Marangu au Machame, hesabu iliyo kamili huanzia nyumbani: kushuka hadi barabara kuu ya Moshi–Arusha, kupita Boma Ng'ombe, kukata kona kwenye njia panda ya KIA, na kufika uwanjani saa kadhaa kabla ya ndege kuruka. Anayezijumlisha sehemu zote hizo ndiye atakayewaambia ndugu zake saa ya kweli ya kumpokea.