Kwanza Kumtoa Majini: Wajibu wa Serkali kwa Watu Wanaofika kwa Njia ya Bahari

Siku moja, kiisha mafundisho ya makatekista, mmoja wao aliniuliza: « Padri, wale watu wanaokufa baharini wakienda Ulaya, nani aliwatuma? Serkali za kule zina deni gani kwao? » Wenzake walinyamaza, maana wengi walikuwa na swali lile lile moyoni. Sikumjibu upesi. Leo najaribu kumjibu pamoja nanyi, ndugu waseminari na mapadri, kwa sababu jambo hili ni la haki, si la huruma tu.

I. Sheria ya bahari

Tuanze na Mtume Paulo. Chombo chake kilivunjika pwani ya Malta, na ndani yake mlikuwa watu 276: mabaharia, askari na wafungwa. Wenyeji hawakuuliza kwanza nani mfungwa na nani mtu huru. Mvua ilinyesha, baridi ilikuwa kali. Basi waliwasha moto, wakawapokea wote.

Desturi hii ya kale mataifa yameiandika kuwa sheria. Meli Titanic ilizama mwaka 1912. Mwaka 1914 serkali zilifanya mapatano kule London juu ya usalama wa watu baharini. Mapatano ya Hamburg ya mwaka 1979 yanataka serkali zipange kazi ya kutafuta na kuokoa, na kila aliye hatarini asaidiwe pasipo kutazama taifa lake wala hali yake. Tena mapatano ya Geneve ya mwaka 1951 yanakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai wake au uhuru wake uko hatarini. Basi serkali inayookoa haitoi zawadi; inalipa deni iliyoliandika yenyewe kwa mkono wake.

II. Mfano wa Italia

Kisiwa cha Lampedusa ni cha Italia, lakini kiko karibu na Tunisia kuliko Sicilia. Tarehe 3 Oktoba 2013 mashua iliyojaa watu iliwaka moto karibu nacho, ikapinduka. Watu zaidi ya 360 walikufa, wengi wao Waeritrea. Siku 15 baadaye serkali ya Italia ilianzisha kazi iliyoitwa kwa Kilatini Mare Nostrum, yaani Bahari Yetu. Meli za kivita hazikungoja pwani; zilikwenda mbali, kuelekea Libia, kutafuta mashua zenye shida. Kwa mwaka mmoja ziliokoa watu 150,000 hivi.

Tazameni utaratibu wake. Kwanza mtu alitolewa majini. Kiisha mganga alimpima, naye akapewa chakula na blanketi. Halafu polisi waliuliza jina na kwao. Wachuuzi wa watu walikamatwa pia. Kuokoa hakukuharibu basi kazi ya ulinzi: askari wale wale walifanya yote mawili, lakini kila jambo kwa zamu yake.

Kazi hii iligharimu euro milioni 9 hivi kila mwezi. Wakubwa wengine wa Ulaya walisema kuokoa kunawavuta watu waje wengi zaidi. Mwisho wa Oktoba 2014 ikakoma. Umoja wa Ulaya ukaanzisha kazi nyingine, Triton, yenye fedha kama theluthi moja tu, ikikaa karibu na pwani. Je, watu waliacha kuja? Mwaka 2014 waliofika Italia kwa bahari walikuwa 170,000 hivi. Mwaka 2015 walipita 150,000. Na tarehe 18 Aprili 2015 mashua moja ilizama na mamia ya watu. Waliopona walikuwa 28. Wakimbizi walikuja vile vile. Mkono wa kuwaokoa ndio uliofupishwa.

Simsifu Mwitalia kama malaika. Mwaka 2009 serkali yake iliwakamata Wasomali na Waeritrea baharini, ikawarudisha Libia pasipo kuwasikiliza. Tarehe 23 Februari 2012 Tribinali ya Haki za Watu ya Ulaya, huko Strasbourg, iliihukumu kwa kosa hilo. Lakini serkali hiyo hiyo, mwaka 2016, iliitoa mashua ya Aprili 2015 chini ya bahari, na waganga wakatafuta majina ya wafu. Kuzika wafu ni tendo la huruma. Hapa serkali ililitenda.

III. Mlango wa halali

Kuokoa peke yake hakutoshi, maana mtu ameisha kumlipa mchuuzi na kuhatarisha roho yake. Kwa hiyo mwaka 2015 jumuiya ya Sant'Egidio, pamoja na Waprotestanti wa Italia, ilipatana na serkali. Wakimbizi wa Siria waliokuwa Libano waliulizwa huko huko. Serkali iliwachungua, ikawapa viza, wakaja kwa ndege. Makanisa yalichukua gharama: nyumba, masomo ya lugha, shule ya watoto. Maaskofu wa Italia wakafanya vile vile kwa wakimbizi waliokuwa Etiopia. Hapo mchuuzi hakupata hata senti moja, na bahari haikumeza mtu.

IV. Swali la haki

Je, serkali haina haki ya kulinda mpaka? Inayo. Papa Pius XII, katika Exsul Familia ya mwaka 1952, na Papa Yoane XXIII, katika Pacem in Terris ya mwaka 1963, walitetea haki ya mtu kuhama akiwa na sababu ya kweli. Hawakufuta mamlaka ya serkali. Serkali sherti itazame mafaa ya wote. Mtu asiye na sababu ya kutosha aweza kurudishwa kwao, lakini kiisha kusikilizwa, na kwa heshima. Mwenye nyumba ana haki ya kumuuliza mgeni mlangoni. Hana haki ya kumwuliza wakati mgeni anazama kisimani.

V. Na sisi

Ndugu zetu wa Uvira na Fizi wanajua maji ni nini. Mwaka 1996, wakati wa vita, maelfu walivuka Ziwa Tanganyika wakafika Kigoma. Tanzania iliwapokea, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Nani aliwatuma? Hofu ya kufa.

Kwa hiyo, katekista wangu, hili ndilo jibu langu. Waambie vijana ukweli juu ya njia ya Libia, juu ya wachuuzi na magereza yake. Usimbariki anayeuza watu. Lakini usiseme kamwe juu ya aliyezama: alijitakia. Deni la kumtoa majini halitazami kosa lake. Na mgeni atakapobisha parokiani kwako, anza na moto na chakula. Jina utamwuliza kiisha.