Mara mbili ya ngapi?

Wapo wanafunzi wanaoamini kwamba somo la uwiano lilibuniwa ili kuwanyima usingizi. Naomba kuwaletea ushahidi wa kinyume, nao watoka Uingereza.

Mnamo tarehe 18 Oktoba 1995, Kamati ya Usalama wa Dawa ya nchi hiyo iliwaarifu madaktari kwamba tembe mpya za kupanga uzazi, zile zenye homoni za desojestreli na jestodeni, zilikuwa na hatari ya kugandisha damu mishipani takriban maradufu ya tembe za awali zenye levonojestreli. Habari hizo ziliwafikia wanawake kupitia magazeti na runinga hata kabla ya baadhi ya madaktari kufungua barua zao. Maradufu! Neno hilo moja lilitosha. Wengi walizitupa tembe papo hapo, bila kutafuta kinga nyingine. Mwaka huo mimba zilizotolewa hospitalini na katika kliniki za Uingereza na Wales zilikuwa zaidi ya 154,000. Mwaka uliofuata, 1996, zilikaribia 168,000. Sidai kwamba kila mimba katika nyongeza hiyo ililetwa na barua ile, lakini wachunguzi wengi wameihusisha nyongeza hiyo na taharuki iliyozuka.

Hapo ndipo mwalimu wa hisabati angalisimama na kuuliza: maradufu ya ngapi? Kwa mujibu wa tathmini ya Shirika la Dawa la Ulaya ya mwaka 2013, kati ya wanawake 10,000 wasiotumia tembe na wasio wajawazito, wawili hivi hupatwa na donge la damu kwa mwaka. Kwa wanaotumia tembe za levonojestreli, idadi ni 5 hadi 7. Kwa wale wa desojestreli na jestodeni, 9 hadi 12. Neno "maradufu" halikuwa uongo, ila lilihusu wanawake wanne au watano zaidi katika kila 10,000. Tena mimba yenyewe, pamoja na majuma yanayofuata kujifungua, huleta hatari hiyo kuliko tembe zote hizo. Aliyeikimbia tembe akashika mimba asiyoitaka aliruka majivu akakanyaga moto.

Hata hivyo, saba katika elfu kumi si sifuri. Donge hilo aghalabu huanzia katika vena za mguu; likichopoka na kusafiri hadi mapafuni, laweza kuua. Kisababishi kikuu ni estrojeni, ambayo hulichochea ini kuzidisha protini za kugandisha damu, na hatari ni kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza wa matumizi. Kwa hiyo mhudumu anayenyamaza, eti asiwatishe wanawake, anakosea sawa na anayepiga mayowe. Husemwa kwamba mama wa kijijini hana haja ya takwimu. Dharau gani hiyo! Anayepiga hesabu ya faida ya gunia la mahindi sokoni, debe kwa debe, atashindwaje na watu saba katika elfu kumi?

Katika zahanati zetu, kabla ya mwanamke kupewa tembe zenye estrojeni, yafaa apimwe shinikizo la damu na kuulizwa maswali machache. Je, yeye au jamaa yake wa karibu amewahi kupatwa na donge la damu? Anavuta sigara ilhali ametimu miaka 35? Huumwa na kipandauso kinachotanguliwa na mimweko machoni? Amejifungua hivi karibuni? Akijibu ndiyo, asirudishwe nyumbani mikono mitupu: zipo tembe za projestini pekee, ambazo hazijaonekana kuongeza hatari hiyo, na ipo koili ya shaba isiyo na homoni yoyote.

Naye anayezitumia aelezwe dalili waziwazi: mguu mmoja kuvimba na kuuma, hasa kwenye shavu lake, kukosa pumzi ghafla, maumivu ya kifua, kukohoa damu. Dalili hizo si za kungojea siku ya kliniki mwezi ujao. Ni za kumpeleka hospitalini siku iyo hiyo.