Asili na Matumizi katika Kufundisha Msamiati: Neno "Quarantine"

Mwanafunzi akutanapo na neno la Kiingereza "quarantine", aghalabu hulieleza kuwa ni kutengwa kwa mgonjwa, nasi walimu humwacha apite. Maelezo hayo yana kasoro, na madhara yake hayaishii darasani. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, wasafiri walioingia Kenya waliagizwa kukaa karantini siku 14. Wengi walikuwa wazima; hata hivyo wapo waliorudi makwao wakaepukwa na majirani, kana kwamba kukaa karantini ni ushahidi wa kuugua.

Asili ya neno hili ni hesabu. Arobaini kwa Kilatini ni "quadraginta", na kwa Kiitaliano ni "quaranta". Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru watokao sehemu zenye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia mjini. Baadaye muda huo ulirefushwa ukawa siku 40, na watu wa Venice wakaiita desturi yenyewe kwa idadi ya siku zake. Yafaa tumtazame aliyewekwa kando. Hakuwa mgonjwa anayejulikana, bali mtu atokaye palipo na ugonjwa, ambaye hali yake haijabainika. Aliyekwisha kuugua Kiingereza humtengea neno jingine, "isolation". Kitenzi chetu "tenga" huwabeba wote wawili pamoja, na hapo ndipo mwanafunzi apoteapo. Kwa sababu hiyo nautetea mkopo "karantini" mbele ya wale wanaouona kuwa uvivu wa kutafsiri. Wafugaji wetu wameuzoea zamani: ukizuka ugonjwa wa miguu na midomo, eneo zima hutiwa karantini, na hata ng'ombe asiye na dalili hapelekwi mnadani.

Kwa msemaji wa Kiswahili njia ya maana hii si ngeni. Mzazi hukaa ndani siku arobaini; marehemu naye hufanyiwa arobaini. Tusemapo kwamba fulani ameenda arobaini, hatutaji idadi, twataja shughuli. (Waingereza nao walikuwa na arobaini ya mjane: Magna Carta ya 1215 ilimruhusu kubaki nyumbani kwa marehemu mumewe siku 40, na haki hiyo katika sheria yao ikaja kuitwa "quarantine" vilevile.)

Lakini asili isifanywe hakimu. Yuko mwanafunzi atakayesema kwamba karantini ya siku 14 ni kosa la lugha, kwa kuwa 14 si 40. Hoja hiyo ni kongwe. Mwaka 1663 Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliandika katika shajara yake kuhusu meli zilizotakiwa kukaa karantini siku 30. Alitambua kwamba idadi hiyo inapingana na asili ya neno, akaongeza kuwa katika matumizi ya watu neno limekwisha kutaja jambo lenyewe, wala si muda wake. Sijaona maelezo bora ya suala hili, nayo yametoka kwa mtu asiyekuwa mwanaisimu.

Darasani mimi huanza na arobaini ya mzazi, kisha meli za Venice, kisha ng'ombe. Siku 14 huziweka mwisho, ili mwanafunzi mwenyewe aulize zile 26 zimekwenda wapi.