Toba ya Ashoka Isiyosomwa Kalinga

Wafalme wengi wa kale walichonga mawe ili wajisifu. Ashoka, mfalme wa tatu wa ukoo wa Maurya, aliyetawala sehemu kubwa ya Bara Hindi tangu karibu mwaka 268 hadi 232 kabla ya Kristo, alichonga majuto.

Katika amri ya kumi na tatu kati ya zile zilizochongwa kwenye miamba mikubwa, anasimulia alivyoiteka Kalinga, nchi ya pwani ya mashariki ambayo leo ni jimbo la Odisha, miaka minane baada ya kutawazwa. Watu 150,000 walihamishwa, 100,000 waliuawa, na wengine wengi zaidi ya hao wakafa. Hesabu ni zake mwenyewe, na bila shaka ni za kukadiria. Lakini mshindi gani hutaja maiti kisha akakiri kwamba moyo unamuuma?

Kisa hiki kinajulikana sana. Kisichotajwa sana ni mahali kilipoandikwa. Toba hiyo inasomeka Girnar, Gujarat, na Shahbazgarhi, katika Pakistan ya leo. Huko Kandahar, Afghanistan, imepatikana hata kwa Kigiriki. Ukienda Dhauli na Jaugada, ndani ya Kalinga yenyewe, huikuti. Amri ya kumi na moja hadi ya kumi na tatu zimerukwa, na badala yake zipo mbili za pekee zinazowaagiza maofisa wa huko wasimfunge wala kumtesa mtu bila haki, maana watu wote ni watoto wa mfalme.

Mimi naona hapo werevu wa mtawala kuliko unafiki. Mfiwa hahitaji kuhesabiwa wafu wake na yule aliyewaua. Anahitaji ofisa asiyemwonea. Hata hivyo Kalinga haikurudishiwa uhuru wake, na amri hiyohiyo ya majuto inawaonya watu wa misituni kwamba mfalme, pamoja na huruma yake yote, bado ana uwezo wa kuwaadhibu.

Je, majuto na huruma hiyo vilikuwa Ubuddha? Ashoka alikuwa mfuasi wa Buddha, tena alizuru Lumbini, alikozaliwa mwalimu huyo, akakipunguzia kodi kijiji hicho. Lakini dhamma, yaani njia ya uadilifu, anayoihimiza kwenye miamba haigusi nirvana. Inahusu kuwatii wazazi, kuwatendea wema watumwa na watumishi, kuwapa sadaka Wabrahmini na watawa wa kila madhehebu. Amri ya kumi na mbili inakemea tabia ya mtu kuitukuza dini yake kwa kuitweza ya mwenzake. Na hakuishia kusema: katika vilima vya Barabar, jimboni Bihar, aliwapa mapango Waajivika, waliofundisha kwamba majaliwa yamekwisha kupangwa na juhudi za binadamu hazibadilishi kitu. Wabuddha waliwapinga vikali watu hao.

Baadaye hati ya Brahmi, iliyotumika kuchonga nyingi ya amri hizo, ilisahaulika kabisa, hadi msomi Mwingereza James Prinsep alipoifumbua mwaka 1837.

Waliotarajia kumkuta mtakatifu walimkuta mtawala. Jikoni kwake, ambako zamani walichinjwa wanyama maelfu kwa maelfu kila siku, bado walichinjwa tausi wawili na paa mmoja, ingawa paa si kila siku. Adhabu ya kifo pia hakuifuta. Waliohukumiwa aliwaongezea siku tatu, ili ndugu zao wapate kuwaombea.