Mto Mara Ulipogeuka Mweusi

Machi 2022, maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Serikali iliwataka wananchi wasiyatumie, ikaunda kamati ya wataalamu. Kabla kamati haijamaliza kazi, wengi walikuwa wameshamtaja mtuhumiwa wao: mgodi wa dhahabu wa North Mara.

Kamati hiyo, chini ya Profesa Samwel Manyele, ilikuja na jibu jingine: kinyesi na mkojo wa ng'ombe, pamoja na mimea iliyooza. Hasira haikupoa, ilipanda. Ng'ombe wamekunywa maji ya mto huu tangu enzi za mababu, watu waliuliza, iweje wauchafue leo?

Swali hilo ni la haki, na sayansi ina la kusema. Kinyesi na majani yanapooza, bakteria hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu husomba uchafu wa miezi mingi kwa mkupuo mmoja. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, sangara hufa haraka, ilhali kambare, anayeweza kuvuta hewa juu ya maji, huweza kunusurika. Na Mara wenyewe ulikuwa umeshachunguzwa. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Christopher Dutton walichapisha katika jarida la Nature Communications matokeo ya kazi yao upande wa Kenya. Huko viboko zaidi ya 4,000 hujaza madimbwi kinyesi, na mto ukifurika, maji yasiyo na oksijeni husukumwa chini na kuua samaki. Hakuna sumu ya kiwandani iliyohitajika.

Basi kwa nini maelezo yanayowezekana kisayansi yalisikika kama dhihaka? Kwa sababu watu wa Mara wana kumbukumbu. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini hadi Mto Tigithe, unaomwaga maji yake Mara. Aliyeshuhudia hayo hasomi ripoti ya 2022 kama ukurasa mtupu. Mwanasaikolojia Paul Slovic, aliyechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyoipima hatari, alionyesha kwamba imani huvunjika upesi na hujengwa polepole mno. Alionyesha pia kwamba hatari isiyoonekana, iliyoletwa na wengine bila ridhaa yetu, hututisha kuliko ile tuliyoizoea.

Hapo ndipo ninapoumia zaidi. Maji meusi yalitikisa nchi nzima, lakini maji maangavu yenye vimelea vya kipindupindu hayamshtui mtu mpaka wagonjwa waanze kulazwa. Rangi ya mto ikirudi, kamera huondoka, na mama anayechota maji palepale hubaki na ndoo yake bila kujua kilichomo.

Utafiti wa viboko ulikuwapo miaka minne kabla ya msiba, lakini ulikaa kwenye jarida la Kiingereza, mbali na wavuvi. Ningependa kipimo cha oksijeni na cha metali nzito kichukuliwe kila wiki, mwaka mzima, juu na chini ya mgodi, na namba zake zibandikwe kwa Kiswahili mwaloni na kwenye ofisi ya kijiji, wavuvi wenyewe wakiwepo sampuli zinapochotwa.