Bondia Apumzike Siku Ngapi?

Mkulima wa Ufipa ana somo ambalo bondia wa mjini angefaa kulisikiliza. Mvua zinapokaribia kwisha, hupindua udongo wenye nyasi na kuufanya matuta ya duara, nyasi zikiwa zimefukiwa ndani. Matuta hayo huitwa ntumba. Nafaka haipandwi hapo kwa pupa. Nyasi huachwa zioze kwa miezi kadhaa, na msimu unaofuata ndipo matuta husambazwa na mbegu ya ulezi au mahindi kutiwa ardhini. Mgeni apitaye njiani angeweza kudhani kuwa shamba limeachwa bure. Kumbe ndani ya udongo kazi inaendelea, na mavuno ya mwaka ujao yanatengenezwa wakati jembe limelala.

Sasa na tuingie mjini Sumbawanga, katika mitaa ya Mazwi, tumtazame kijana mmoja. Hatuna haja ya kumpa jina, kwa maana kila mji unaye wa namna yake. Mchana hubeba magunia sokoni, jioni hufanya mazoezi ya ndondi. Jumamosi amepigana raundi sita na ameshinda kwa pointi. Jumatatu simu inalia: kuna pambano Mbeya baada ya wiki mbili, bondia aliyepangwa ameugua, na malipo si haba. Mama yake anautazama uvimbe chini ya jicho na kuuliza, "Mwanangu, utaweza?" Kijana anajibu, "Mama, mimi mzima kabisa."

Je, ni mzima kweli? Na nani ajuaye? Swali hilo ndilo tunalotaka kulijadili leo, kwa kuwa aghalabu linaamuliwa nyumbani, mbali na ulingo na mbali na daktari.

KALENDA TATU ZA MWILI

Yafaa ieleweke kwanza kwamba mwili wa bondia hauponi kwa mkupuo mmoja. Una kalenda tatu, na kila moja ina mwendo wake.

Kalenda ya kwanza huhesabiwa kwa dakika. Katika ngumi za kulipwa za wanaume raundi moja ni dakika tatu, na pumziko baina ya raundi ni dakika moja tu. Misuli ina akiba ndogo ya nguvu za haraka, ile inayotumika bondia anapofyatua makonde matano kwa mpigo. Akiba hiyo hurudi upesi, lakini si upesi wa kutosha. Baada ya nusu dakika au dakika moja huwa imerudi kiasi cha nusu au zaidi kidogo, na kujaa kwake huchukua dakika kadhaa. Basi bondia huingia kila raundi akiwa na deni dogo la raundi iliyopita, na madeni hayo hujumlishwa. Ndiyo maana mikono iliyokuwa juu katika raundi ya kwanza huonekana imeshuka hadi kifuani katika raundi ya saba.

Hapa Sumbawanga kuna jambo la ziada. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Kila pumzi humletea mtu oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano. Mwenyeji amezoea. Lakini bondia anayetoka Dar es Salaam kwa basi na kupanda ulingoni kesho yake, hushangaa dakika moja ya kiti imekwisha naye bado anahema.

Kalenda ya pili huhesabiwa kwa siku na wiki. Misuli iliyotumika sana huhitaji saa 24 au zaidi, pamoja na chakula cha kutosha, ili ijaze tena akiba yake ya wanga. Misuli iliyopigwa na kuumia huchelewa zaidi. Maumivu ya viungo huwa makali siku ya pili na ya tatu, ndiyo maana bondia aliyetembea vizuri Jumapili huamka Jumatatu akishuka kitandani kama mzee. Jeraha la juu ya jicho huonekana limefunga baada ya wiki moja au mbili, lakini ngozi mpya ni dhaifu, nayo hupasuka kwa konde ambalo lisingeidhuru ngozi nzima. Mfupa wa mkono uliovunjika hutaka wiki kadhaa za kutulia.

Wahenga walisema mwili haujengwi kwa matofali. Ugali, maharage, dagaa wa Ziwa Tanganyika, mboga na maji ya kutosha, pamoja na usingizi wa usiku mzima, ndizo dawa za kalenda hii. Kijana anayebeba magunia asubuhi ya Jumatatu, kisha akaanza kujinyima chakula na maji ili apunguze uzito kwa pambano jipya, anaubomoa ukuta ambao bado haujakauka.

KALENDA INAYOSAHAULIKA

Kalenda ya tatu ni ya ubongo, nayo ndiyo ya polepole kuliko zote. Konde zito la kichwa huutikisa ubongo ndani ya fuvu. Chembe zake huvurugika, zikahitaji nguvu nyingi ili zijirekebishe, wakati uwezo wa kupata nguvu hizo umepungua. Hali hii haionekani kwa macho wala haitoi damu. Mtu huumwa kichwa, husahau, huchukia mwanga na kelele, hukosa usingizi au hulala kupita kiasi. Baada ya siku kadhaa dalili hizo hupungua, naye husema amepona. Kumbe dalili zaweza kuondoka kabla ubongo haujamaliza kazi yake.

Athari yake ulingoni ni mbili. Ya kwanza ni kuchelewa. Bondia analiona konde linakuja, lakini kichwa hakitoki njiani kwa wakati. Watazamaji hudhani amekosa mazoezi. Ya pili ni hatari ya uhai. Mwaka 1984 madaktari wawili wa Marekani walieleza namna pigo la pili, hata likiwa jepesi, linavyoweza kuufanya ubongo ambao haujapona pigo la kwanza uvimbe ghafla na kumwua mtu. Msiba wa aina hiyo si wa kila siku, lakini ukitokea daktari huwa na muda mchache mno wa kufanya lolote.

Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa za ndondi za ridhaa zimekuwa na ngazi zinazojulikana. Bondia aliyeangushwa kwa makonde ya kichwa, au ambaye mwamuzi alisimamisha pambano lake kwa sababu hiyo, hukaa nje ya mashindano na mazoezi ya kupigana kwa muda usiopungua siku 30. Yakimpata mara mbili katika miezi mitatu, hukaa nje miezi mitatu. Yakimpata mara tatu katika mwaka, hukaa nje mwaka mzima. Tazama, ndugu msomaji, kwamba mazoezi ya kupigana nayo yamekatazwa. Konde la mazoezini nalo ni konde, na ubongo hauulizi kama tiketi ziliuzwa.

SIKU 105

Lakini kanuni hizo zina pengo. Huhesabu kuanguka, hazihesabu makonde. Kijana wetu wa Mazwi hakuangushwa, alishinda. Je, mshindi hana la kuponya?

Tuna mfano wa Mtanzania mwenzetu. Rogers Mtagwa, mzaliwa wa Dodoma aliyehamia Philadelphia nchini Marekani, alipigana tarehe 10 Oktoba 2009 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, na Juan Manuel Lopez wa Puerto Rico, bingwa wa dunia wa WBO katika uzito wa super-bantam. Lilikuwa pambano la jasho na damu. Katika raundi ya 12 bingwa alikuwa akiyumba na kujishikiza ili asianguke. Mtagwa alishindwa kwa pointi, lakini waliolitazama pambano lile hawakulisahau.

Tarehe 23 Januari 2010 Mtagwa alirudi New York, safari hii akipigana na Yuriorkis Gamboa wa Cuba, bingwa wa WBA wa uzito wa unyoya. Mtu aliyestahimili raundi 12 za moto aliangushwa zaidi ya mara moja, na mwamuzi akalisimamisha pambano katika raundi ya pili. Kati ya mapambano hayo mawili zilipita siku 105.

Hatusemi kwamba siku hizo peke yake ndizo zilizomshinda. Gamboa alikuwa hodari, mwenye nishani ya dhahabu ya Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Isitoshe, usiku ule ule Lopez naye alipanda ulingoni humo humo, akiwa na siku zile zile 105, akamshinda Steven Luevano katika raundi ya saba na kuutwaa ubingwa wa WBO wa uzito wa unyoya. Ama kwa hakika, hapo ndipo penye funzo. Siku zilikuwa zile zile, miili haikuwa ile ile. Wawili waliopigana pambano moja hawatoki na deni moja.

Cha kusikitisha ni kwamba hesabu hiyo ya siku 105 imo pia katika kisa cha Benny Paret wa Cuba, bingwa wa dunia wa uzito wa welter. Tarehe 9 Desemba 1961 alijaribu kumpokonya ubingwa mtu mzito kuliko yeye, Gene Fullmer, akapigwa vikali hadi akaangushwa katika raundi ya 10. Tarehe 24 Machi 1962 alipanda tena ulingoni, akipigana na Emile Griffith. Katika raundi ya 12 alibanwa kwenye kona na kupigwa makonde mfululizo. Alizimia asizinduke tena, akafariki dunia tarehe 3 Aprili. Hakuna awezaye kuapa kwamba miezi zaidi ya mapumziko ingemwokoa. Lakini tunaweza kusema kwamba zaidi ya miezi mitatu, muda unaoonekana mrefu kwenye karatasi, si hati ya uzima.

KUPUMZIKA SI KULALA

Wengine watauliza: mbona katika mashindano makubwa ya ridhaa bondia hupigana mara kadhaa katika siku chache? Ni kweli. Titus Simba aliipatia Tanzania nishani ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970, na Michael Yombayomba akapata dhahabu mjini Kuala Lumpur mwaka 1998, katika michezo ambayo mshindi wa leo huitwa tena baada ya siku chache. Lakini pambano la ridhaa ni fupi, daktari hukaa kando ya ulingo, na bondia mwenye busara hujifunza kushinda bila kupigwa. Hodari wa mashindano hayo ni yule anayeshinda leo akibakiza kitu cha kesho.

Tena tusidhani kwamba kadiri bondia anavyokaa muda mrefu ndivyo anavyokuwa bora. Wiki chache bila mazoezi yoyote hutosha kupunguza pumzi, na miezi mingi bila pambano huondoa ule wepesi wa kukadiria umbali wa konde. Mapumziko mema yana hatua. Siku za kwanza ni za kulala, kula na kunywa maji. Kisha huja matembezi, kisha mbio nyepesi, kisha kamba na mfuko wa mazoezi. Kupigana na mwenzake huja mwisho kabisa, baada ya daktari kumpima, na kamwe si wakati kichwa bado kinauma.

DAFTARI LA NYUMBANI

Basi turudi kwa mama yule wa Mazwi. Hahitaji kujua ndondi ili amsaidie mwanawe. Na anunue daftari la shule. Kila baada ya pambano aandike tarehe, raundi zilizopiganwa, kama kijana alianguka, na makonde ya kichwa yalikuwa mengi au machache. Kila asubuhi kwa wiki kadhaa aulize: kichwa kinauma? Umelala vizuri? Unakumbuka tulizungumza nini jana? Siku simu itakapolia, daftari hilo litajibu kwa ukweli kuliko kijana mwenye haja ya fedha.

Na usiku ule wa pambano asimwache alale peke yake. Akiona maumivu ya kichwa yanazidi, kutapika, maneno yasiyoeleweka, degedege, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyingine, au usingizi asioweza kumwamsha, asisubiri kukuche. Ampeleke hospitali saa ile ile.

Twajua kwamba riziki ni ngumu, na kwamba malipo ya Mbeya yangenunua mabati au kulipa madeni. Jamaa wa karibu na mwalimu wake wa ndondi wasimwache kijana abebe uamuzi huo peke yake, kwa maana aliye na njaa huona kila siku kuwa ni siku ya mavuno. Bondia hutembea na mtaji mmoja tu, nao ni mwili wake, na sehemu ya mtaji huo iliyomo ndani ya fuvu haina duka la kununulia nyingine.

Mwenye simu akipiga tena, mama na amjibu kwa upole kwamba kijana yupo, anakula, analala, na kwamba wazungumze baada ya daktari kumwona. Mkulima wa Ufipa hajawahi kuona haya kusema kuwa ntumba zake bado hazijaiva.