Ng'ombe wa mbao nusura anivunjie ndoa!

WENGI wenu mkisikia mshikaji yuko majuu mnadhani kazi yake ni kula kuku kwa mrija tu. Thubutu! Ngoja niwape kisa changu, mcheke kidogo, na mwenye mtoto ajifunze kitu.

Naishi Fort Worth, Texas, mji ambao wenyewe wanautania kwa jina la Cowtown, yaani mji wa ng'ombe. Usiku nabeba boksi ghalani, mchana nalala kama gogo. Mke wangu anahudumia wazee. Binti yetu ana miaka 7, ana jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo namwita "mama". Siku moja nikashtuka kwamba mimi na mama tunakutana mlangoni tu, mmoja anaingia, mwingine anatoka. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki "shikamoo" na "nipe".

Jumamosi moja nikajikaza, nikampeleka Stockyards, eneo lililokuwa mnada mkubwa wa mifugo enzi hizo. Pale kila siku saa tano na nusu asubuhi na saa kumi alasiri wanapitishwa barabarani ng'ombe wenye pembe ndefu ajabu, na wachungaji wao juu ya farasi. Watu wote wanapiga picha pembe. Mama yeye macho kwenye kamba iliyoning'inia kwenye tandiko la farasi.

Usiku kabla sijaenda kazini akanifuata. "Baba, nataka kamba." Kwa Kiswahili! Nikasema moyoni, hapa hapa ndipo pa kumkamatia.

HONDA SIYO PIKIPIKI
Kesho yake nikanunua kamba ya kuanikia nguo. Kichekesho! Kila akiirusha inalala chini kama tambi zilizoiva sana. Jirani yangu, mzee wa Kimarekani Mweusi aliyepita miaka 70, alikuwa ameegemea uzio anacheka mpaka machozi. Kumbe mzee enzi zake alikuwa mtu wa rodeo, mchezo ambao tangu 1997 ndio mchezo rasmi wa jimbo la Texas.

Mzee akanipa darasa. Kamba ya kunasia ng'ombe lazima iwe ngumu kidogo, ili duara lake libaki wazi hewani. Mtu mzima anayenasa pembe hutumia kamba ya futi kama 30, anayenasa miguu ya nyuma futi 35. Mtoto inamtosha ya futi 20 hivi, nyembamba na nyepesi. Ncha moja ina kijicho ambamo kamba inapita kutengeneza duara. Kijicho hicho wanakiita honda. Nikamwambia kwetu honda ni pikipiki, akacheka tena.

"Kamba peke yake haitoshi," akasema. "Mtafutie mtoto ng'ombe, la sivyo atakunasa wewe."

JINSI NILIVYOMTENGENEZA
Madukani wapo ng'ombe wa plastiki, tena bomba, lakini bei yao mbeba boksi unakohoa. Nikaingia bandani mwenyewe.

Mgongo ni ubao wa mbili kwa nne, urefu futi 4. Miguu ni vipande vinne vya futi 2 na nusu, nikavipigilia vimetanuka kwa chini kama kile kijimeza cha mafundi cha kukatia mbao. Kisha nikaunganisha miguu kwa vibao vya chini isitawanyike. Tumboni nikaning'iniza mfuko wa mchanga, maana mtoto akivuta kamba, ng'ombe mwepesi anamwangukia.

Kichwa ni kipande cha ubao wa futi 1, kimechomoza mbele ili kamba ipate pa kupita chini ya kidevu. Pembe je? Hapo ndipo akili ya Bongo ilipofanya kazi! Nilikuta baiskeli mbovu imetupwa, nikafungua usukani wake, ule uliopinda, nikaubana juu ya kichwa ncha zikielekea juu. Zile raba za kushikia nikaziacha palepale, chuma kisije kikamtoa mtoto jicho. Nikapiga msasa kila kona, nikamvika ng'ombe blanketi kuukuu. Mama akampa jina: Chapati.

Basi ikawa kila siku naamka saa nzima kabla ya muda wangu, tunafanya mazoezi. Mkono wa kushoto unashika kamba iliyokunjwa, wa kulia unashika duara pamoja na kipande cha kamba kinachotoka kwenye honda. Unazungusha juu ya kichwa taratibu, ukiachia mkono uelekee pale pale unapotaka duara lifike, kisha unavuta kamba iliyolegea. Mashindanoni wanakubali aina tatu: pembe zote mbili, shingo, au pembe moja pamoja na pua. Mimi pembe zenyewe niliambulia siku ya tano. Mama siku ya pili!

KIZAAZAA
Wiki ya pili nilipitiwa na usingizi kwenye kiti. Niliamshwa na kelele. Mama alikuwa amemnasa mjukuu wa yule mzee jirani, shingoni, na dogo kaanguka chini. Nilimtoa kamba mbio. Alikuwa mzima, ila alama nyekundu ilizunguka shingo nzima.

Mke wangu aliporudi na kusikia, hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisema polepole: "Baba, kitanzi shingoni mwa mtoto mweusi, hapa Texas. Umesahau kamba ilifanya nini nchi hii?" Nikakosa la kusema. Maili kama 90 kusini mwa kwetu kuna mji wa Waco. Mwaka 1916 kijana mweusi wa miaka 17, Jesse Washington, aliuawa pale hadharani na kundi la wazungu, maelfu ya watu wakitazama. Mke wangu alichukua kamba, akaifungia kwenye buti la gari. Siku tatu tuliongea habari za chumvi na bili tu.

MZEE AGONGA HODI
Siku ya nne mzee akagonga na mjukuu wake. Nikajua leo ni polisi. Mzee akaketi, akamwambia mke wangu: "Binti yangu, una haki. Bibi yangu hakuruhusu kamba ining'inie kwenye mti wake mpaka anakufa."

Kisha akatueleza kuhusu Bill Pickett, mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1870. Ndiye aliyeanzisha mtindo wa kumrukia ng'ombe kutoka juu ya farasi na kumwangusha kwa pembe, ambao leo ni mchezo kamili wa rodeo. Kuna mashindano aliyozuiwa kwa rangi yake tu. Alifariki 1932, na mwaka 1971 ndipo akaingizwa kwenye jumba la kuwaenzi mashujaa wa rodeo. Sanamu yake iko pale pale Stockyards, nasi tuliipita bila kuitazama!

"Kamba ile nayo ni yetu," mzee akasema. "Mfundisheni adabu yake." Akanyoosha mkono wa kulia. Kidole gumba hakikuwepo, kilikatwa na kamba iliyokizungukia ng'ombe akivuta.

Mke wangu alikiangalia kile kidole muda mrefu, akaenda kufungua buti la gari.

Masharti yakaandikwa kwenye friji. Kamba ni ya Chapati tu, mtu hapana, mbwa hapana. Kamba isizungushwe kidoleni, mkononi wala kiunoni. Mtu mzima awepo, tena macho! Mchezo ukiisha, kamba inakunjwa na kukabidhiwa kwa mama mkubwa wa nyumba. Aliyevunja sharti, mwezi mzima hagusi.

Juzi, kati ya mara 10, mama alinasa 6. Tukampigia simu bibi yake Kongwa, naye akauliza: "Huyo ng'ombe mnamkamua lini?" Mama akajieleza mwenyewe: pembe, mgongo, kidevu, vuta, legeza. Yote kwa Kiswahili. Neno moja tu hakulitaja. Mke wangu hataki kusikia "kitanzi" nyumbani kwake, kwa hiyo sisi tunasema "pete".

Haya, wacha nikalale, saa ya boksi inakaribia. Panapo majaliwa tutaonana tena.